Mgonjwa na Mshukiwa: Historia ya Maradhi ya Kujizulia na Mji wa Likasi

Waganga wa nchi nyingi wameandika habari za mgonjwa anayefanana na huyu. Anafika usiku, ameshika kiuno, anasema anakojoa damu. Majina ya dawa na vipimo anayajua kuliko wenzake wote wodini. Tumbo lake lina makovu ya upasuaji wa zamani. Vipimo vinarudi safi, isipokuwa mkojo. Mkojo una damu kweli. Siku moja muuguzi anaingia ghafla na kumkuta amejichoma kidole kwa pini, anadondoshea damu kikombeni. Hana fidia anayodai, hana kesi anayoikwepa, hana mwajiri anayemtoroka. Anachotaka ni kile kitanda, na mtu wa kumuuliza asubuhi ameamkaje.

Kiswahili bado hakijalipa tatizo hili jina moja lililokubaliwa na wote. Hapa nitaliita maradhi ya kujizulia. Lisichanganywe na kutega. Mtegaji kazi huumwa Jumatatu na kupona Jumamosi, na faida yake inaonekana: mapumziko, fidia, kuepuka jeshi. Anayejizulia hujiumiza, hunywa asichopaswa kunywa, hukubali kisu cha daktari, na ukitafuta faida yake ya nje huioni. Yuko pia mtu wa tatu, ambaye mwili wake hupooza au hutetemeka kwa dhiki ya moyo bila yeye mwenyewe kudanganya chochote. Na yuko wa nne, mgonjwa kabisa, ambaye hasadikiwi. Kwa karne nyingi wanne hawa wameketishwa benchi moja na kuitwa waongo. Likasi, mji wa Katanga huko Kongo, uliojengwa kwa shaba na kulishwa kwa posho, ulirithi benchi hilo, na historia yake inaonyesha lilivyotengenezwa.

Habari ya kale tuliyo nayo inatoka kwa Galeni, mganga wa Pergamo wa karne ya 2, aliyeandika kijitabu juu ya namna ya kuwatambua wanaojisingizia ugonjwa. Anamsimulia mtumwa aliyepaka goti lake mmea wenye sumu likavimba, ili asifuatane na bwana wake safarini. Galeni alimtambua, akaridhika na ustadi wake. Tangu mwanzo, basi, jambo hili liliingia katika vitabu vya tiba likiwa mchezo wa kumnasa mtu, na mmoja wa walionaswa mapema alikuwa mtumwa. Kwamba mtu asiye na uhuru hana silaha nyingine zaidi ya goti lake, Galeni hakuliandika.

Kusini mwa Katanga, karne nyingi baadaye, swali lilikuwa jingine. Kabla ya mwaka 1900 nchi ya Likasi ilikuwa ya Wasanga, wafuaji wa shaba, na upande wa kaskazini walistawi Wayeke wa M'siri waliotoka Unyamwezi na kuweka mji wao Bunkeya. Kwa njia za biashara zilizofika huko, Kiswahili nacho kilikuja. Mtu alipougua katika jamii hizi, ndugu hawakuanza kwa kuuliza kama anaumwa kweli. Waliuliza nani au nini kimemtia ugonjwa: mhenga aliyesahauliwa, jirani mwenye husuda, pepo anayetaka mahali pa kukaa. Kwa Waluba, maradhi marefu ya mwanamke yangeweza kusomwa kuwa ni wito wa roho, naye akafundishwa uaguzi wa bulumbu. Akatoka kitandani akiwa na cheo. Pwani nako, mwenye pepo huchezewa ngoma, akavikwa, akalishwa, akasikilizwa mbele ya watu wake.

Nisizipambe zama hizo kupita kiasi. Swali la «nani amemroga» lilikuwa na gharama, na mara nyingi aliyelipa ni mwanamke mzee au mgeni, aliyenyweshwa sumu ya mwavi ili afe au atapike. Lakini jambo moja lilikuwa kweli katika utaratibu ule: mwenye kiu ya kuangaliwa aliangaliwa hadharani, na uangalizi ule ulikuwa na mwisho wake na jina lake. Hakuhitaji kujichoma pini.

Ulaya ya karne ya 19 ilikuwa ikielekea upande mwingine. Majeshi makubwa yaliyoandikisha vijana kwa nguvu yalizaa madaktari wa kuwachunguza, na mwaka 1843 daktari Hector Gavin alichapisha kitabu kizima juu ya maradhi ya kusingizia na ya kutengeneza, hasa ya askari na mabaharia. Kitabu hicho kinasomeka kama mwongozo wa polisi. Hata hivyo kulikuwa na waliochungulia mbali zaidi. Mwaka 1908, Paris, profesa Georges Dieulafoy alieleza kisa cha kijana ambaye vidonda vyake havikupona mwaka baada ya mwaka, hata akakatwa mkono. Alikuwa akijiunguza ngozi mwenyewe kwa dawa kali. Dieulafoy hakumwona mtegaji, kwa kuwa nani hutega kwa bei ya mkono wake? Ndiyo maana aliliundia jambo hilo neno jipya la Kifaransa, patomimi, yaani kuigiza maradhi. Vita vya 1914 vilifunika upole huo. Huko Tours, daktari Clovis Vincent aliwatibu askari waliopinda migongo kwa mishtuko ya umeme, na mwaka 1916 askari mmoja aliyekataa umeme huo alimpiga ngumi, akafikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi.

Waganga waliokuja Katanga walilelewa katika shule hiyo ya mashaka. Kampuni ya migodi ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli ilifika Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na mwaka huohuo ikaanzishwa ofisi ya kuwakusanyia waajiri vibarua, Bourse du Travail du Katanga. Vijana walitolewa vijijini kwa mikataba mifupi, wakafikishwa katika nyanda za juu zenye baridi ya Juni, wakalala katika vibanda vilivyojaa, wakala chakula wasichokizoea. Nimonia na kuhara damu viliwaua wengi, na homa ya mafua ya mwaka 1918 ikaja juu ya hayo. Katika miaka hiyo daktari wa kambi alikuwa na kazi mbili ndani ya koti moja: kuponya, na kuhesabu. Asubuhi watu walipanga mstari, naye aliamua nani aende kazini na nani aandikwe mgonjwa. Aliyekataliwa akarudi shimoni alikuwa ameitwa mwongo, bila shaka mara nyingine kwa haki. Lakini katika kambi ambamo watu walikufa kwa wingi vile, daktari aliyemshuku kila mtu hakuweza kukosa kuwashuku wanaokaribia kufa.

Kampuni ilijifunza kwa hesabu zake. Kumleta mtu na kumzika kulikuwa ghali kuliko kumtunza, na kuanzia mwaka 1928 ikakazania mikataba ya miaka 3, ikawaruhusu wafanyakazi waje na wake zao, ikajenga nyumba, shule, kliniki za watoto. Mtu aliyesimamia siasa hiyo alikuwa daktari, Léopold Mottoulle, na mwaka 1946 alichapisha maelezo yake akijivunia matokeo ya miaka 20. Mwaka 1929 kiwanda cha Shituru kilianza kusafisha shaba kwa umeme na asidi, na mwaka 1931 mji wa Likasi ukaitwa Jadotville, kwa heshima ya Jean Jadot, mmoja wa wakuu wa kampuni. Vifo vilipungua sana. Ni haki kulisema hilo wazi, kwa sababu wazee wa Likasi bado hulisema.

Ila utunzaji ule ulikuja na umbo la pekee. Chakula kilikuwa posho ya kampuni, nyumba ya kampuni, hospitali ya kampuni, mkunga wa kampuni. Mama alipaswa kumleta mtoto kupimwa uzito, na mizani ile iliamua kama anasifiwa au anakaripiwa. Familia nzima iliishi chini ya jicho lililotoa na kunyima. Naamini, na hapa ni hukumu yangu mwenyewe, kwamba utaratibu kama huo hufundisha somo moja kwa kizazi baada ya kizazi: kwamba mlango wa kuonekana kuwa mtu ni mwili wako unapoharibika. Mchimbaji mwenye afya alikuwa nambari. Mchimbaji mgonjwa alilazwa, akalishwa, akaulizwa jina lake.

Shaka nayo haikuwa ya upande mmoja. Katika miji ya Katanga, miaka ya 1940, watu walisimulia habari za batumbula, watekaji wa usiku waliotumwa na Wazungu kuwakamata watu, kuwanenepesha na kuwala. Nairobi na Kampala waliitwa wazimamoto, na pwani ni mumiani, wanyonyaji wa damu ya kutengenezea dawa. Daktari alimwona Mwafrika anadanganya juu ya mwili wake. Mwafrika naye alimwona daktari anadanganya juu ya kile anachofanya na mwili huo. Desemba 1941 wafanyakazi wa Jadotville na Élisabethville waligoma kudai mishahara, na askari wakafyatua risasi. Baada ya hapo, imani kati ya kambi na ofisi haikuwa na mahali pa kusimama.

Katikati ya karne, ndani ya miaka mitatu, yalichapishwa maandiko matatu ambayo msomaji wa leo anafaa kuyaweka mezani pamoja. Februari 1951, katika jarida la Lancet, daktari wa London Richard Asher alieleza wagonjwa wanaozunguka hospitali hadi hospitali kwa visa vya kubuni, wakipasuliwa tena na tena. Aliuita ugonjwa wao kwa jina la Münchhausen, yule mwungwana Mjerumani wa karne ya 18 aliyesifika kwa hadithi za uwongo. Asher aliandika kwa kejeli kidogo, lakini alifungua mlango: aliona kwamba watu hawa hawapati faida ya kueleweka, na kwa hiyo lazima kuna kitu kinawasukuma. Februari 1952, mwaka mmoja kamili baadaye, Frantz Fanon alichapisha katika jarida la Esprit makala juu ya vibarua wa Afrika Kaskazini katika zahanati za Ufaransa. Wanasema wanaumwa kila mahali, daktari haoni kidonda, anahitimisha kwamba wanajisingizia. Fanon alijibu kwamba maumivu yao ni ya kweli na shina lake ni maisha wanayolazimishwa kuishi. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likachapisha kazi ya J. C. Carothers, aliyeongoza hospitali ya Mathari ya Nairobi, iliyoieleza akili ya Mwafrika kana kwamba ni akili isiyokamilika.

Mzungu wa London aliyejidunga sindano alipata jina la ugonjwa, alistahili uchunguzi. Kibarua wa Lyon, wa Nairobi au wa Jadotville alibaki na jina la zamani, simulateur, yaani mwenye kujisingizia, na uchunguzi wake uliishia kwenye rangi yake. Kwa hiyo maradhi ya kujizulia yalipoingia rasmi katika sayansi, yaliingia yakiwa maradhi ya watu wengine. Mwafrika hakuwekewa hata nafasi ya kuugua namna hiyo.

Uhuru ulifika kwa mtikisiko. Septemba 1961 mji wa Jadotville ulijulikana duniani kwa kuzingirwa kwa kikosi cha Waairish wa Umoja wa Mataifa na majeshi ya Katanga iliyojitenga. Januari 30, 1962, mbali kaskazini-mashariki, katika shule ya wasichana ya Kashasha karibu na Bukoba, wanafunzi watatu walianza kucheka na kulia bila kujizuia. Wanafunzi 95 kati ya 159 wakapatwa, na shule ikafungwa Machi. Madaktari walioandika habari hizo hawakukuta sumu wala virusi, na hawakuwaita wasichana wale waongo. Hilo lilikuwa hatua. Kashasha ilionyesha Afrika Mashariki kwamba mwili unaweza kubeba dhiki ya jamii bila mtu kukusudia, nayo ni tofauti kabisa na mtu anayetia damu kwenye kikombe huku akijua anachofanya na pengine asijue kwa nini.

Mwaka 1966 mji ukarudishiwa jina lake, Likasi. Union Minière ilitaifishwa kuanzia Januari 1967, na kampuni iliyozaliwa ikajulikana baadaye kuwa Gécamines. Mabwana walibadilika, lakini posho, shule na hospitali vilibaki, na mfanyakazi wa Gécamines alihesabiwa kuwa mtu aliyefika. Nje ya Kongo, elimu ya maradhi haya ilikua kwa kasi. Mwaka 1977 daktari wa watoto wa Leeds, Roy Meadow, alieleza mama wawili waliowatengenezea watoto wao ugonjwa: mmoja alichafua mkojo wa mtoto uliopelekwa kupimwa, mwingine alimlisha wake chumvi hadi akafa. Mwaka 1980 chama cha madaktari wa akili wa Marekani kikaingiza maradhi ya kujizulia katika orodha yake rasmi, na toleo la mwaka 2013 likayagawa matawi mawili, yanayoelekezwa kwa nafsi na yanayoelekezwa kwa mwingine. Orodha mpya ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika Januari 2022, imefuata mgawanyo huohuo. Makadirio ya orodha ile ya Marekani ni kwamba katika wagonjwa wa hospitalini, kama 1 kati ya 100 anaweza kuwa na hali hii.

Maarifa hayo nayo yalizaa dhuluma. Meadow huyohuyo alitoa ushahidi mahakamani Uingereza mwaka 1999 kwamba nafasi ya watoto wawili wa nyumba moja kufa vifo vya ghafla vya asili ni 1 kwa milioni 73. Hesabu ilikuwa mbovu. Mama aliyefungwa kwa kesi hiyo aliachiwa mwaka 2003, akiwa amekaa gerezani zaidi ya miaka 3. Nalitaja hapa kwa sababu kila anayejifunza maradhi haya hupitia siku chache za kuyaona kila mahali, na siku hizo ni za hatari kwa wagonjwa wake.

Likasi, wakati huo, ilikuwa ikipoteza kilichokuwa kimeishikilia. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilizalisha zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 haikufikisha tani 30,000. Mwaka 1992 na 1993 familia za asili ya Kasai, nyingi zao zilizozaliwa Likasi, zilifukuzwa majumbani, zikalala kwa miezi kwenye kituo cha reli na shuleni zikingoja treni. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondolewa kwa mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia na ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Pamoja na mshahara walipoteza kitanda cha hospitali. Ile nyumba ya kampuni iliyokuwa ikimhesabu mtu kila asubuhi ikaacha kumhesabu.

Ndiyo hali tuliyo nayo. Mgonjwa wa leo wa Likasi hulipa, na ndugu wakichanga, mara nyingi kabla ya kuguswa. Katika mazingira hayo maradhi ya kujizulia hayaonekani kama visa vya Asher vya wodi za bure. Mwenye nayo huzunguka kutoka hospitali hadi kituo cha afya, kutoka kituo hadi kanisa la maombezi, kutoka hapo kwa mganga wa mizizi, na hakuna faili linalomfuata. Kaka anauza baiskeli. Binti anaacha shule amwuguze mama. Simu inazunguka na picha ya kidonda, michango inakuja, na fedha zikiisha kidonda kinachimbwa upya. Yeye mwenyewe hulipa zaidi ya wote: makovu, dawa za maumivu zisizoachika, figo zilizochoshwa, ndoa iliyovunjika siku kweli ilipojulikana. Wengi walioelezwa katika maandiko ya tiba walikuwa watoto waliolazwa kwa muda mrefu, au waliofiwa, au walioteswa. Wakati ule kitandani palikuwa mahali pekee pa usalama, nao wanarudi hapo.

Lakini Likasi ina sababu nyingine ya kutembea polepole. Watafiti wa Lubumbashi na Leuven walionyesha mwaka 2009 kwamba watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya kusini mwa Katanga wana kobalti nyingi mno mwilini. Shinkolobwe, mgodi ulioipa dunia radiamu na urani, uko karibu na mji. Mtu wa mitaa ya Panda au Shituru anayelalamika uchovu, mifupa, kifua, bila kipimo cha kumthibitisha, huenda amebeba mwilini historia nzima ya viwanda, na kumwita mjizuliaji ni kumrudisha kwenye mstari wa asubuhi wa mwaka 1918. Ugonjwa huu hautambuliwi kwa kukosa majibu ya maabara. Hutambuliwa kwa ushahidi wa kutengeneza: sindano chini ya godoro, kipimo kilichochezewa, visa vinavyopingana kati ya hospitali mbili.

Dawa mahususi ya kuuponya haipo. Kinachosaidia, kwa uzoefu wa madaktari wengi, ni mtu mmoja anayemfuatilia mgonjwa bila kukatika, miadi isiyosubiri dalili mpya, kuacha upasuaji usio na lazima, kutibu huzuni iliyo chini yake, na kumwambia ukweli faraghani bila kumvua nguo mbele ya wodi. Pale mtoto anapokuwa ndiye mwili unaotumiwa, anaondolewa hatarini kwanza, na mazungumzo yanafuata.

Kwa wauguzi wa Likasi, na kwa ndugu wanaokaa nje ya dirisha la wodi wakihesabu faranga: mtakapogundua kwamba mtu wenu alijitengenezea kidonda, msimfukuze siku hiyo. Muulizeni ni lini mara ya kwanza alilazwa, na nani alikuwa ameketi karibu naye.